Kutoka Kusinga hadi Kujipunja: Msamiati wa Anayeuza Singo

Mwanamke anayetengeneza singo nyumbani ili auze anahitaji misamiati miwili. Wa kwanza ni wa mikono: kutwanga, kuchunga, kurowesha, kusinga. Wa pili ni wa daftari: gharama, ujira, faida, bei. Ule wa kwanza Waswahili tumeurithi ukiwa umekamilika, kila neno na mahali pake. Wa pili tunao pia, ila tunautumia ovyo, na matokeo yake watu wenye kazi nzuri wanakula mitaji yao bila kujua. Naamini kwamba mtu anayeyajua vizuri maneno ya kazi yake hawezi kuiuza kwa hasara bila kujitambua. Kwa hiyo tuyapitie maneno hayo, moja baada ya jingine.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kusinga ni kumsugua mtu mwili kwa vitu vya manukato mpaka ngozi itakate, ilainike na inukie. Mambo hayo matatu yamo ndani ya kitenzi kimoja. Kutokana nacho tukapata singo, yaani mchanganyiko wenyewe. Unguja, Pemba na mwambao mzima, singo inajulikana zaidi kwa bi harusi, ambaye huwekwa ndani kabla ya harusi, akasingwa na somo au kungwi wake. Kila nyumba ina mchanganyiko wake, lakini vitu vyenyewe vinafahamika: maua ya waridi, asumini na langilangi, majani ya rehani, karafuu kidogo, na liwa. Liwa ni mti unaonukia. Kipande chake husuguliwa juu ya jiwe pamoja na maji au marashi mpaka kitoe rojo, na jiwe hilo ndilo msio. Siku hizi wapo wanaoliita rojo lenyewe msio. Jina la chombo limehamia kwenye kinachotoka juu yake. Kando ya liwa ipo dalia, unga wa manjano wenye harufu nzuri ambao wanawake hujipaka mwilini. Kule Komoro, wanawake hujipaka usoni rojo la msindzano, nalo husuguliwa juu ya jiwe vivyo hivyo. Huu ni ujuzi wa bahari nzima, na maneno yake yamesafiri pamoja na mizigo ya manukato.

Baadaye ikaja skrabu, ikaingia kupitia saluni na maduka ya vipodozi. Sina ugomvi na neno hili. Limeshakaa katika vinywa vya watu, linaandikika kwa Kiswahili na linanyambulika. Shida inaanza pale linapotumiwa kuita kila kitu kinachosuguliwa mwilini, hata singo ikawa "skrabu ya maua". Napendekeza tuyagawie kazi. Singo ibaki kuwa mchanganyiko mkavu wa maua, liwa na viungo, unaoroweshwa kwa marashi au maji wakati wa kutumiwa. Skrabu iwe chembe za sukari, chumvi au kahawa zilizoshikanishwa na mafuta, ambazo ziko tayari tangu zilipofungwa kwenye kopo. Mgawanyo huu una faida dukani. Vitu hivi viwili vinatofautiana gharama, vinatofautiana muda wa kukaa, na vinatafutwa na wateja tofauti. Anayetwanga maua kwa siku mbili kisha akaandika "skrabu" juu ya kopo lake amelitupa jina ambalo lingemsaidia kueleza kwa nini bei yake iko juu kuliko ya sukari iliyochanganywa na mafuta.

Sasa tuje kwenye vitenzi vya mkono juu ya ngozi, maana hapa lugha yetu imepanga ujuzi wa afya bila kutangaza. Kusinga ni kwa upole na manukato. Kuchua ni kupitisha mkono wenye mafuta kwenye misuli. Kukanda ni kuchua kwa nguvu zaidi. Kusugua ni kwenda na kurudi juu ya kitu mpaka kitakate. Kukwangua ni kuondoa kwa makali au kwa kitu kigumu. Kuchubua ni kutoa ngozi yenyewe, na hapo tumeshaingia katika jeraha. Mtengenezaji mzuri hujiuliza bidhaa yake inaishia kwenye kitenzi kipi. Sukari yenye chembe kubwa, ambayo miguuni inasugua vizuri, usoni inakwangua. Chumvi juu ya ngozi iliyonyolewa muda mfupi uliopita inawasha. Maji ya ndimu, ambayo wengi huyatia kwa nia ya kutakasa, yanaweza kuiunguza ngozi ikipigwa na jua baadaye, ikabaki na mabaka meusi. Maelezo ya matumizi kwenye lebo yanapaswa kusema: hii ni ya miguu, hii ni ya mwili, hii usipake usoni.

Na kinachotolewa na mkono huo kina jina lake. Ni nongo. Ni ule uchafu unaojiviringa chini ya kiganja ngozi iliyolowa inaposuguliwa: jasho, vumbi na tabaka la juu la ngozi lililokwisha kazi. Nimeona matangazo mengi yakisema "huondoa seli zilizokufa". Si kosa, lakini bibi yeyote wa Tanga au wa Lamu angeelewa haraka zaidi ukimwambia "hutoa nongo". Kisiginoni tuna gaga, ngozi iliyokauka na kupasuka, ndiyo maana mtaani watu husugua gaga. Tuna pia sugu, ile ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa mara kwa mara, na humo ndani ya sugu unaisikia sugua. Kutoka hapo neno likapanuka hadi kwa mhalifu sugu na vimelea sugu. Lugha iliyoitazama ngozi kwa makini namna hii haihitaji kuazima maneno ya kuiuzia ngozi hiyo sabuni na singo.

Ukwaruzi wa bidhaa nao una majina yake jikoni, na inatosha tuyahamishie kwenye kopo. Chenga ni chembe kubwa, kama mchele uliovunjika. Unga ni kilichosagwa na kuchungwa. Rojo ni kizito kinachovutika. Kwa hiyo: singo ya chenga kwa miguu na viwiko, singo ya unga kwa mwili, na unga uliochungwa mara mbili kwa yeyote anayetaka kuugusa uso. Mteja wa sokoni anayajua maneno haya tangu utotoni, na ukiyaandika kwenye lebo ataelewa bila kuuliza.

Kuna na msamiati wa kuharibika, ambao kwa muuzaji ni msamiati wa fedha. Kitu chenye maji huchacha. Mafuta yaliyokaa vibaya huvunda. Kilichopata unyevu kikafunikwa huota ukungu. Maneno matatu, sababu tatu, na tiba tatu. Singo kavu ndiyo hukaa muda mrefu kuliko zote, mradi maua yamekaushwa kivulini mpaka yavunjike mkononi, na kopo limekauka kabisa kabla ya kujazwa. Skrabu ya sukari na mafuta haina maji ndani yake, kwa hiyo hatari ya maji inatoka nje: vidole vilivyolowa vinavyochota bafuni. Andika kwenye lebo, "Chota kwa kijiko kikavu." Rojo la liwa au la machicha ya nazi lina maji tangu mwanzo, kwa hiyo litengenezwe la kutumiwa siku hiyo hiyo. Usilifunge kwenye kopo ukaliuzia duka. Anayechanganya maneno haya matatu atachanganya pia tarehe za mwisho wa matumizi, na mzigo utamrudia.

Nimeyataja machicha makusudi, kwa sababu ndiyo mlango wa unafuu. Machicha ni kinachobaki baada ya nazi kukunwa na kukamuliwa tui. Kwa wengi huishia kwa kuku, lakini yana ukwaruzi mpole na mafuta kidogo yaliyobaki ndani, na kwa matumizi ya nyumbani yanatosha. Mashapo ya kahawa yakianikwa yakakauka vizuri ni chenga nzuri ya miguu, na nyumba yenye wanywaji wa kahawa inayapata kila siku. Mchele chenga ukisagwa unatoa unga laini. Karafuu ina jamaa yake, makonyo, yaani vikonyo vinavyoshikilia karafuu mtini. Pemba, katika kiwanda cha Wawi, makonyo hukamuliwa mafuta, kwa hiyo harufu imo. Anayetia makonyo ya kusaga badala ya karafuu anapunguza gharama kwa njia halali, almuradi lebo iseme makonyo. Ikisema karafuu, huo ni udanganyifu. Na iwe karafuu iwe makonyo, iwe kidogo sana, kwa sababu ukali wake unaweza kuiwasha ngozi.

Sasa tuingie kwenye daftari.

Neno la kwanza la kusafisha ni rahisi. Kwa watu wengi wa mwambao, rahisi ni kinyume cha ghali. Kwa wengi wa bara, rahisi ni kinyume cha gumu. Maana zote mbili ni halali, lakini zikikutana kichwani mwa mtengenezaji zinamletea balaa: kwa kuwa kazi anaiona nyepesi, anadhani bei nayo lazima iwe ya chini. Kutwanga langilangi kunamjia bila taabu kwa sababu alifundishwa tangu usichana. Ujuzi ndio uliorahisisha kazi, na ujuzi una thamani yake.

Neno la pili ni nafuu. Hili nalipenda zaidi. Mgonjwa aliyeanza kupona amepata nafuu, na bei inayovumilika ni bei nafuu. Katika matumizi yote mawili kuna mtu aliyepunguziwa mzigo. Kwa hiyo bei nafuu, kwa haki ya neno lenyewe, ni ile inayompa ahueni mnunuzi bila kumtia maradhi muuzaji. Bei inayomwacha muuzaji bila nauli ya kurudia sokoni haistahili kuitwa nafuu. Ina jina lake: ni bei ya kutupa.

Neno la tatu ni faida. Watu wengi huita faida kila shilingi iliyoingia baada ya kutoa bei ya sukari. Tuna maneno ya kutenganisha, tuyatumie. Mauzo ni fedha yote iliyoingia. Gharama ni yote iliyotoka, na humo mna viambato, makopo, lebo, nauli, mkaa au umeme, na uchakavu wa kinu na mashine ya kusagia. Ujira ni malipo ya mikono iliyofanya kazi, hata kama mikono hiyo ni yako. Faida ni kinachobaki baada ya hayo yote. Hiyo ndiyo inayokuza biashara. Ukiutumia ujira kama faida, biashara haikui. Ukiyatumia mauzo kama faida, umekula mtaji.

Tuone kwa mfano. Tuseme unatengeneza skrabu kwa sukari kilo 1 ya shilingi 3,000, mafuta ya nazi nusu lita ya 6,000, na viungo vya harufu vya 1,000. Viambato vimekuwa 10,000. Mchanganyiko huo unakaribia kilo moja na nusu, na unajaza makopo 7 ya gramu 200. Makopo kwa 700 kila moja ni 4,900. Lebo kwa 200 kila moja ni 1,400. Nauli na mkaa, tuseme 1,700. Jumla imefika 18,000. Umefanya kazi saa 3, na kama ungemwajiri binti wa jirani akusaidie ungemlipa 2,000 kwa saa, basi ujira ni 6,000. Jumla kuu ni 24,000, na kila kopo limegharimu karibu 3,430.

Sasa uza kwa 3,000, bei ambayo wengi wangeipanga kwa kukisia. Mauzo ni 21,000. Ukitoa viambato peke yake, unaona 11,000 mkononi, na moyo unafurahi. Ukitoa makopo, lebo, nauli na mkaa, zimebaki 3,000. Hizo ndizo malipo yako ya saa 3, nusu ya ambayo ungemlipa msaidizi, na biashara yenyewe haijapata hata senti. Kiswahili kina kitenzi kinachoitaja hali hii bila kuipamba: kujipunja. Kumpunja mtu ni kumpa pungufu ya haki yake. Muuzaji anayempunja mteja kwenye mizani anajulikana mtaa mzima, na watu humkimbia. Anayejipunja mwenyewe hapigiwi kelele na mtu. Husifiwa kwa huruma na bei zake nzuri, mpaka siku anapofunga, na wateja wake wanaanza kuuliza kwa nini vitu vizuri havidumu.

Kwa nini neno ujira linatukimbia hapa? Nadhani ni kwa sababu singo ilizaliwa katika heshima kabla ya kuingia sokoni. Somo alimsinga mwali kwa mapenzi na wajibu, na alichopewa kiliitwa zawadi au ada. Hilo ni zuri na liendelee katika harusi zetu. Lakini kopo lililowekwa juu ya meza ya duka limeshatoka katika mkataba huo. Mnunuzi asiyekufahamu hatakuletea leso ya shukrani. Anakuletea fedha, na fedha hiyo inapaswa kuubeba ujira.

Rudi kwenye mfano. Bei ya rejareja ikiwa 4,500, mauzo ya makopo 7 ni 31,500, ujira umelipwa, na faida ni 7,500. Bei ya jumla kwa mwenye saluni ikiwa 4,000, faida ni 4,000, na kopo halijakaa rafuni likisubiri. Je, mteja wa kipato kidogo tumemtupa? La. Unafuu wake tuutafute kwenye gharama, tusiukate kwenye ujira. Tengeneza mara tatu ya kiasi hicho kwa mkao mmoja. Kama kazi yote itachukua saa 5, ujira ni 10,000 kwa makopo 21, yaani kila kopo linabeba kama 476 badala ya 857. Nunua makopo kwa jumla. Mteja anayerudi na kopo lake safi na kavu mjazie na umpunguzie bei ya kopo. Singo kavu ifungwe pia katika pakiti ndogo ya karatasi, ya kutosha mkao mmoja, ili mwenye shilingi mia tano naye anukie. Hizo zote ni njia za nafuu ambazo hazimpunji mtu.

Yapo maneno mawili ya lebo ambayo lazima niyaseme. La kwanza ni asili. Linaandikwa kila mahali kana kwamba ni hati ya usalama. Ndimu ni ya asili na inaweza kuunguza, karafuu ni ya asili na inaweza kuwasha. Badala ya kuandika asili peke yake, taja viambato kimoja kimoja. Kiambato ni istilahi nzuri, fupi, na wadhibiti wanaitumia. Tanzania Bara, kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na Kenya ina shirika lake, KEBS. Anayetaka kutoka sebuleni kwenda rafu za maduka atakutana nao, na lebo yenye viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi ni hatua ya kwanza. SIDO, shirika la Tanzania lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, limekuwa mlango wa wengi kuelekea huko.

La pili ni kung'arisha. Singo inang'arisha kwa kutoa nongo na kulainisha, na ngozi inarudi kwenye rangi yake iliyo safi. Mkorogo unachubua kwa kemikali, na zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi kwa sababu ya madhara yake. Muuzaji wa singo asikubali kamwe neno lake liwe pazia la mkorogo. Aandike "hutoa nongo na kulainisha" na aache kabisa "hufanya mweupe". Heshima ya singo ya bibi zetu inalindwa kwa maneno mawili matatu kwenye kopo.

Na kuhusu neno kienyeji, mnaoona haya kulipandishia bei mtazame kuku. Kuku wa kienyeji sokoni ana bei ya juu kuliko wa kisasa, na mnunuzi hulipa kwa sababu amejua anachokipata. Kilichotengenezwa nyumbani kwa maua halisi kinaweza kuelezwa vivyo hivyo, kwa majina yake kamili, bila kuomba radhi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naongeza kwamba daftari lisilo na mstari wa ujira halijakamilika. Wewe unayetwanga singo leo jioni, fungua ukurasa mpya, andika viambato, makopo, lebo, nauli na mkaa. Kabla hujaandika bei, andika ujira, ujilipe saa zako kama ungemlipa mtu mwingine. Kisha mwandikie mteja jina sahihi la kitu chako, singo au skrabu, chenga au unga, na umuuzie kwa bei ambayo wote wawili mnaweza kurudi nayo mwezi ujao.